Mafuta Niliyoyatia Kwenye Breki za Bakari

Assalamu alaykum wanangu mnaoshika spana. Na ambaye hii si salamu ya kwao, hujambo. Vijana wa gereji mbili tatu za hapa Makorora, mjini Tanga, wameniomba niandike ninayoyajua kuhusu breki kabla sijaondoka nayo. Nimekubali. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba nimefika umri huu nikiwa na vidole tisa na nusu, macho bado yanaona herufi kubwa, na sijida naifikisha chini bila kushikwa mkono. Fundi wa zama zangu akijaliwa haya, amejaliwa mengi.

Nitaandika kuhusu breki tu. Kwenye injini nilikuwa fundi wa kawaida, na umeme wa gari umenishinda mpaka leo. Lakini breki zilikuwa kazi yangu kwa muda unaozidi umri wa wengi wenu, na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya kwa mikono hii nililifanya humo. Hilo nitalifikia. Naomba mnivumilie kwanza, maana asiyeielewa kazi hataelewa kosa.

Juzi fundi mmoja kijana, na ni fundi mzuri, aliniita nimwangalizie gari la zamani lililokuwa likivuta kushoto kila likifungwa breki. Alikuwa amekwisha kubadilisha lainingi zote za mbele, akabadilisha wili silinda, akapeleka dramu kuchongwa. Vitu vipya vinang'aa, na gari bado linakwenda kushoto kana kwamba kwao ni huko. Nikamwambia aliendeshe mpaka barabara ya Pangani na kurudi, akifunga breki njiani mara kwa mara. Aliporudi niliigusa rimu ya kushoto kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa ya moto. Nikaigusa ya kulia. Baridi kama mtungi.

"Sasa hapo umejua nini, babu?" akaniuliza.

"Nimejua gurudumu la kulia halifanyi kazi. Hilo la kushoto unalolilaumu ndilo linalokusimamisha."

Tukaufungua mpira wa breki unaopeleka mafuta gurudumu la kulia. Kwa nje ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Kwa ndani ulikuwa umevimba, sindano haipiti. Kijana akakaa chini, akacheka kwa haya. "Yaani nimebadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika."

Sikumlaumu. Ninyi mmekulia kwenye maduka. Sisi hatukuwa na cha kubadilisha, basi ilitubidi tujue kwanza.

Pedeli ikiwa laini kama unakanyaga sponji, kuna upepo ndani. Ikisimama vizuri kisha ikawa inashuka taratibu chini ya mguu wako, mpira wa masta silinda unapitisha mafuta. Ikienda chini mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, lainingi zimekaa mbali na dramu, zisogeze. Hayo mnayajua. Ambalo naona mmeliacha ni kumuuliza dereva. Inakusumbua lini? Njia gani? Gari likiwa baridi au limekwisha kupata moto? Ukishauliza, nyamaza umsikilize, hata kama anasema upuuzi. Niliwahi kuletewa gari na mwalimu mmoja aliyeapa kwamba breki zake zinamkataa siku za Ijumaa tu. Tulimcheka gereji nzima. Kumbe Ijumaa ndiyo siku aliyotoka msikitini na kandambili, akizivua ili aendeshe pekupeku, na moja ilikuwa ikiteleza na kwenda kukaa chini ya pedeli.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Kombo, Mpemba, mtu mfupi, mpole, ambaye jioni alisomesha watoto juzuu barazani kwake. Sijawahi kumsikia akitukana nati, na mnajua wenyewe nati zinavyotafuta matusi. Alikuwa na kanuni moja iliyotuudhi sana sisi wanafunzi wake: gari lililotengenezwa breki halitoki siku ile ile. Litalala gereji, na asubuhi, kabla halijawashwa, atakuja yeye mwenyewe alikanyage pedeli.

"Jioni kila kitu kimepata moto, Athumani," aliniambia. "Nataka nikione kikiwa baridi."

Niliishika kanuni hiyo kwa sababu yeye aliishika. Sababu yenyewe sikuiuliza.

Sasa niwaambie kuhusu miaka ya shida. Mnaoingia dukani leo na kuchagua kopo kwa rangi hamwezi kuiona picha yake. Sabuni ilikuwa habari ya mji mzima. Mtu aliona foleni, akajiunga nayo, ndipo akauliza inauza nini. Vipuri vilikuwa havipo kabisa. Lainingi za lori zilizokwisha tulizikata kwa msumeno, tukazipigilia ribiti kwenye shuu za gari dogo. Mipira ya silinda tuliitoa, tukaiosha kwa povu, tukaigeuza, tukairudisha huku tukisema bismillahi kwa moyo wote. Na mafuta ya breki hayakuwepo. Waliojaribu maji ya sabuni tuliwajua, maana gari likipata moto povu lilitokea kila penye upenyo.

Fundi Kombo alikuwa na mchanganyiko wake. Alichukua mafuta ya mbarika, yale ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo, akayatia spiriti ya mafundi seremala kwa kipimo alichokijua yeye, akatikisa, akaacha yatulie. Breki zilishika, na mipira haikuvimba. Alimwambia kila mteja wazi kwamba haya si ya dukani ila ni ya mbarika, ukipata ya dukani njoo tuyamwage. Wateja walimwamini kuliko lebo.

Mwaka mmoja, kabla kidogo ya kipupwe, alipata habari kwamba mama yake mgonjwa, akavuka kwenda Pemba. Aliniachia funguo za gereji. Alikaa huko karibu miezi mitatu, na ndani ya muda huo mbarika zikaisha. Nilituma watu Maramba, nikatuma Muheza, hakuna kitu. Na magari yanakuja, na watu wananiita Fundi, si Athumani tena, nami lile jina lilikuwa tamu.

Hapo ndipo nilipofikiri kwa akili yangu. Nilijiambia: mbarika ni mmea, mafuta yake yanafanya kazi. Mnazi nao ni mmea, na mafuta yake hapa pwani hayajawahi kutuacha. Nikachukua mafuta ya nazi, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikayatia spiriti kidogo iliyobaki, nikajaribu kwenye gari la kwanza. Likashika. Likaenda Pangani likarudi. Nikatia la pili na la tatu. Sikuwaambia wenyewe. Nilisema "mafuta" nikaishia hapo, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo, kwa sababu walikuwa wakitoka mikononi mwa Fundi Kombo.

Mteja mmoja aliniambia, "Asubuhi naiona pedeli nzito kidogo, baadaye inalegea." Nilimjibu kwamba uzito ni dalili ya breki nzuri. Gari lilikuwa linanieleza, nami nikalijibu kwa kujua kwangu.

La nne lilikuwa pikapu ya Pijo, ya zamani, mali ya mfanyabiashara mmoja wa sokoni, na dereva wake alikuwa Bakari. Bakari alikuwa rika langu, mtu wa Maramba, mwembamba, msafi. Hakuruhusu mtu kusimama kwenye bampa, na hakuondoa gari bila kusoma dua, akiisoma hadi mwisho hata abiria akinung'unika. Kazi yake ilikuwa kupanda Lushoto kuleta kabichi na viazi. Hendibreki ya pikapu ile ilikuwa imekatika waya tangu mwaka uliotangulia, na waya hazikupatikana, alitembea na jiwe lake la kuzuia gurudumu, akiliita "msaidizi."

Nilimkabidhi gari jioni ile ile. Kanuni ya kulilaza nilikuwa nimekwisha kuiacha, maana kazi zilikuwa nyingi.

"Umenitilia nini, Fundi?" aliniuliza. "Maana mjini hakuna hata tone."

"Nimekutilia mafuta."

"Mafuta mengi. Hata kichwa cha mke wangu kina mafuta."

"Kanyaga uone."

Akakanyaga, akaenda mbele, akarudi, akasimama papo hapo. "Haya. Imeshika kama mama mkwe akishika neno." Tukacheka wote wawili. Nilimwangalia akiondoka, na nakumbuka niliridhika.

Yaliyotokea Lushoto niliyapata kwake mwenyewe, kwa hiyo nayaeleza kama alivyonieleza. Alilala huko, na ulikuwa wakati wa kipupwe, baridi ya mlimani ambayo mtu wa Tanga haizoei hata akizeeka. Baada ya swala ya alfajiri alipakia kabichi, na mbele akamchukua Bibi Mwanahawa, mama wa makamo aliyekuwa akifanya biashara ya mboga. Kabla ya kuondoka alikanyaga pedeli. Ngumu. Akafurahi, kama ambavyo dereva yeyote angefurahi, maana pedeli tunayoiogopa ni ile laini. Kona ya kwanza aliipita kwa gia. Kona ya pili ina mteremko mkali. Akakanyaga.

"Fundi, ilikuwa kama nakanyaga sakafu," aliniambia. "Haishuki, na gari halipungui. Nikavuta hendibreki huku najua haipo."

Upande mmoja ulikuwa na korongo na upande wa pili ukuta wa mlima. Aliligandamiza gari kwenye mlima, likakwaruza, likalala ubavu. Kabichi ziliteremka peke yake mpaka chini. Yeye alipasuka juu ya jicho. Bibi Mwanahawa alivunjika mkono, na ulipounga uliunga vibaya. Kabla watu hawajafika, Bakari akafungua boneti, akafungua kikombe cha mafuta ya breki, akaona kitu cheupe kimejaa, kigumu, kama samli.

Waliliinua gari, wakaliburuta kulishusha Mombo. Mombo ni joto, wanangu, mnapajua. Gari likakaa juani siku nne likisubiri mkaguzi. Mkaguzi alipofika alikanyaga pedeli, ikashuka vizuri. Akaliwasha, akaliendesha uwanjani, akafunga breki, likasimama likaacha alama za matairi. Akafungua kikombe, akaona mafuta majimaji, maangavu. Aliandika alichokiona: breki nzima. Simlaumu. Bibi Mwanahawa alipoulizwa naye alisema alichokijua, kwamba gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Na Bakari aliposema mbele ya watu kwamba mafuta yaliganda kama samli, chumba kizima cha mahakama kilicheka. Leseni ikachukuliwa. Tajiri wake akamwondoa. Madereva wenzake wakampa jina la Samli, na nilisikia watu wazima wakimwita hivyo sokoni: "Samli, leo umeganda au umeyeyuka?" Wengine walisema alisinzia. Wengine walisema alikuwa amekunywa, mtu ambaye hajawahi kuonja.

Nilijua ukweli siku niliyosikia neno samli kwa mara ya kwanza. Nyumbani mke wangu alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi ya nywele. Kila kipupwe asubuhi yalikuwa meupe, magumu, naye aliianika dirishani mpaka yayeyuke ndipo ajipake. Nimeiona chupa ile, au ya mama yangu kabla yake, kila mwaka wa maisha yangu. Kama mafuta yale yanaganda Tanga dirishani, huko mlimani, ndani ya paipu nyembamba kama kalamu, yangefanya nini? Nilikaa kitandani nikijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza miezi miwili nyuma.

Kesho yake niliyaita magari yale matatu, nikasema kuna kitu nimesahau kukaza, nikayamwaga mafuta yote. Sikumwambia mtu.

Wiki hiyo hiyo Bakari alikuja gereji. Alisimama mlangoni, hakuingia. Jicho lilikuwa bado limefungwa kitambaa.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja, Fundi. Ulinitilia mafuta gani?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliona cheupe. Niliona kwa macho yangu. Sasa nikisema, watu wananitazama kama mwendawazimu, na bado kuna siku saba za kukata rufaa. Ukiniambia yanaganda, nitakuchukua twende ukaseme."

Wanangu, nilikuwa nimesoma. Nilikuwa najua Kurani, nilikuwa najua ushahidi ni amana na kuuficha ni dhambi ya moyo. Niliogopa jela. Niliogopa Fundi Kombo arudi akute gereji imefungwa. Na niliogopa kuacha kuitwa Fundi, nadhani hilo lilizidi yote.

"Mafuta ya breki hayagandi, Bakari," nilisema.

"Hayagandi?"

"Hayagandi. Muulize fundi yeyote."

Alinitazama kwa jicho lile moja. Kisha akasema, "Basi labda nilijigonga kichwa," akaondoka.

Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli. Mafuta ya breki hayagandi. Nenda kamuulize fundi yeyote hata leo. Nimeishi na maneno yale muda mrefu, na nimejifunza kwamba Mola hahesabu maneno peke yake, huhesabu na nilichotaka yafanye.

Fundi Kombo aliporudi alikuta gereji chupa yangu ya mafuta ya nazi, akainusa.

"Haya si ya kukaangia samaki?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote ila jibu nililompa Bakari. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya tairi.

"Magari mangapi?"

"Manne."

"Yote umeyamwaga?"

"Matatu. La nne ni la Bakari."

"Basi nenda kwake leo. Hata kama siku za rufaa zimekwisha, uende hivyo hivyo. Mimi nitasema kuchanganya mafuta kulianza kwangu na gereji ni yangu." Akasimama, akaanza kuvaa ovaroli. Hakuniuliza tena, si siku ile wala baadaye, kwa sababu alipomwambia mtu nenda na mtu akasema ndiyo, kwake jambo lilikuwa limekwisha. Nami nilikuwa nimesema ndiyo. Alifariki, Mungu amrehemu, akiamini nilikwenda.

Kisha ikaja ruksa. Mipaka ikafunguka, na dukani kukajaa makopo ya mafuta ya breki ya kila rangi. Mengine yalikuwa ya bandia. Nilipata kufungua kopo moja likatoa harufu ya sharubati, nikampelekea muuza duka, akanishauri nijaribu kwenye gari la mtu nisiyempenda. Magari yaliyotumika Ulaya na Japani yalishuka bandarini, na gereji ikawa yangu, ikapata mafundi sita. Nilinunua mafuta halisi kwa katoni. Kila nilipofungua kopo nilimkumbuka Bakari, nikasema nitakwenda Ijumaa ijayo. Nilihesabu Ijumaa nyingi sana kwa namna hiyo. Bibi Mwanahawa alifariki katika Ijumaa hizo, na yule sikumwomba radhi, wala hapa duniani sina tena wa kumwomba.

Mungu alipotujalia, mimi na mke wangu tukaandikisha jina la kwenda hija. Mnajua ada yetu. Mtu akikusudia hija huzunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi: nisamehe ninayoyajua na nisiyoyajua. Nao hujibu tumekusamehe, nasi utusamehe, wanakupa kahawa, mnaagana. Nilizunguka Makorora nzima siku tatu. Nilimwomba radhi hata mtu ambaye tulikosania kuku. Hakuna aliyeniuliza anisamehe nini.

Niliporudi, mke wangu alikuwa akikunja nguo. "Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Na yule dereva?"

Sikujua kama anajua. Lakini ndiye aliyeishi na ile chupa, na ndiye aliyekuwa kando yangu siku ile nilipokaa kitandani asubuhi nzima. Kesho yake nilipanda basi la Maramba, kwao Bakari.

Nawaambia kitu kimoja kabla ya kumaliza, kwa sababu baada ya hapa sitakuwa na la kufundisha. Mtakosea. Mikono inayofanya kazi inakosea. Ukijua umekosea, muite mwenye gari siku ile ile, umwambie jina la kitu ulichomtilia, hata akikutukana mbele ya wateja. Matusi yanakwisha. Mimi nilikuwa hodari wa kuyaita magari matatu, na la nne, ambalo ndilo lililokuwa na mtu wa kumwokoa, nililiacha.

Nilimkuta Bakari uani kwake akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka kunishinda. Binti yake mkubwa, Asha, aliniletea kigoda.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Bakari alinitambua mara moja. "Fundi Athumani. Nimesikia unakwenda hija. Umekuja kuomba radhi."

"Nimekuja."

"Nikusamehe nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia mafuta ya nazi, nikamwambia chupa ya mke wangu, nikamwambia jua la Mombo lilivyoyayeyusha, na mwisho nikamwambia kwamba alipokuja gereji nilikuwa ninajua. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika hapo. Kisha akaacha, gunzi mkononi.

"Yaliganda," akasema.

"Yaliganda. Cheupe ulichokiona kilikuwa kweli."

"Na pedeli. Hata ningekanyaga kwa miguu miwili?"

"Hata kwa miguu miwili."

"Kwa hiyo nilikanyaga."

"Ulikanyaga, ndugu yangu."

Asha alikuwa amesimama mlangoni, sinia mkononi, hasogei.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nakumbuka nimekanyaga," Bakari alisema. "Mwaka wa pili nikaanza kukumbuka walivyosema wao. Baadaye nikawa naota mguu uko kwenye klachi. Mke wangu aliniuliza kabla hajafa. Alikuwa na haki ya kuuliza, tulihamia huku na watoto wanne bila kazi. Aliniuliza, Baba Asha, kweli siku ile ilikuwaje? Nikamwambia labda nilisinzia."

"Bakari."

"Nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Akanisamehe. Alinisamehe kitu ambacho sikukifanya."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima, nikaona hayana pa kukaa.

Aliinuka, akajikung'uta maganda, akavaa kofia yake. "Twende ukamwambie."

Makaburi yao yako nyuma ya msikiti, mwendo wa dakika chache. Tulikwenda sote watatu, Asha nyuma yetu. Nimesoma kiasi cha kujua wanachuoni wamesema nini na nini kuhusu maiti kusikia. Siku ile sikuitafuta kauli ya yeyote. Tulitoa salamu kwa watu wa makaburi, tukasoma Fatiha, na Bakari akanionyesha kaburi lenye mawe mawili madogo.

"Mama Asha," nilisema, na sauti ilitoka ndogo. "Mimi ndiye fundi. Mumeo hakusinzia. Alikanyaga breki."

"Sema tena," Bakari akasema. "Kwa sauti. Asha asikie."

Nikasema tena.